Dola 140 za kambi ya mpira wakati kocha wa shule kafungiwa: nimepata nini?

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne ila kuna vitu lazima niviseme, na jina la kambi sitaji maana mji wenyewe ndo huu huu na jamii yetu ndo hii hii, kesho nakutana na mwenye kambi kwenye harusi ya mtu. Wenye watoto wanaocheza mpira hapa Lexington mtaijua tu, ni ile ambayo tangazo lake lilizunguka kwenye magrupu yetu yote ya WhatsApp, lina picha ya mtoto kalala kitandani na maandishi makubwa "WENZAKO WANAFANYA MAZOEZI".

Nianzie mwanzo kabisa ili mjue kwa nini nilitoa hela haraka hivo, maana mi sio mtu wa kutoa hela haraka, waulizeni wanangu.

Kijana wangu anaingia darasa la kumi na anacheza soka timu ya shule. Huku Kentucky soka ya haiskuli inachezwa Agosti mpaka Oktoba huko, kwa hiyo sama, ile likizo ya kiangazi, ndo wanajiandaa. Shule ilipofunga kocha akawa anawaita asubuhi siku nne kwa wiki, bure, mtoto anaenda na viatu vyake na chupa ya maji basi. Mi natoka shifti ya usiku pale weahausi saa kumi na mbili asubuhi, napita nyumbani namwamsha, namshusha uwanjani, narudi kulala, nikiamka ashaletwa na mwenzake. Maisha yakawa mepesi kweli, hata nikaanza kuamini Marekani imenizoea.

Sasa tarehe 24 Juni karudi na begi jepesi. Fulana ya mazoezi ya timu hana, mpira aliokuwa kaazimwa hana. Namuuliza viko wapi, anasema nimerudisha. Kesho mazoezi saa ngapi? Hakuna. Kesho kutwa? Hakuna. Kwa nini? "Ndo hivo mama." Nyie mnawajua hawa watoto wa huku, unamuuliza swali la dakika tano anakujibu maneno mawili huku anaangalia simu. Mi nikajua tayari, kafukuzwa timu, kagombana na mtu, au kafanya kitu ananificha. Nikamwandikia kocha kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, akajibu mstari mmoja tu, tutaonana tarehe 10 Julai. Eti tutaonana! Wiki mbili nzima, na mechi zinakuja!

Usiku uleule niko breki kazini ndo lile tangazo likaingia. Siku 7, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia tarehe 25 Juni mpaka 9 Julai, dola 140, nafasi zimebaki 4. Nikatuma kwa Cash App kabla sijamaliza chakula changu. Baadae kidogo ikaja meseji nyingine kwamba jezi ya kambi ni lazima, dola 25. Nikatuma tena. Ukishaingia mguu mmoja kwenye maji we ogelea tu.

Siku ya kwanza nimekaa pembeni ya uwanja kwenye kiti changu cha kukunja, nimesinzia, pembeni yangu baba mmoja Mtanzania ambaye kwao alikuwa mwalimu wa michezo, saivi anaendesha lori. Nikamwambia wasiwasi wangu. Akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Dada yangu, mwanao hajafukuzwa. Hiyo ni dedi piriodi, shule zote za Kentucky zimefunga leo."

Basi akanielezea, na mi nawaelezea nyie kwa sababu hakuna mtu aliyetuelezea kwa lugha yetu, karatasi ya shule ilikuja kwa Kiingereza nikaiweka kwenye friji na sumaku nikaisahau. Kuna chama kinachosimamia michezo ya haiskuli jimbo lote, KHSAA, kipo tangu 1917 na ofisi zake ziko hapa hapa Lexington. Sheria yao ni kwamba kila mwaka kuanzia tarehe 25 Juni mpaka 9 Julai mtu wa shule haruhusiwi kumfundisha mwanafunzi mchezo. Sio kocha mkuu tu, hata msaidizi wa kujitolea asiyelipwa senti. Viwanja vya shule, jezi, mipira, mabasi, hata jina la utani la timu havitumiki kwa ajili ya michezo siku hizo, na hela ya shule haitoki. Ndo maana kijana alirudisha fulana na mpira! Na ndo maana kocha hakuandika maneno mengi, mwenzangu alikuwa anatembea kwenye mayai na mi nilikuwa namlaani kimoyomoyo.

Nikamuuliza sasa faida yake nini, watoto wakae nyumbani wanenepe? Akaniambia sheria isingekuwepo kila kocha angeogopa mwenzake, huyu akiita watoto sama nzima na yule anaita, mwisho mtoto hana hata siku ya kwenda kumsalimia bibi yake na kocha mwenyewe hamjui mke wake. Wote wakifungiwa siku moja hakuna anayemzidi mwenzake. Hapo nikamuelewa. Na kila jimbo lina yake, shemeji yangu yuko Indianapolis, kwao ni wiki moja tu, ile yenye tarehe 4 Julai. Kwa hiyo usichukue sheria ya binamu yako wa jimbo lingine ukaja kubishana nayo huku.

Ila sikilizeni hapa maana ndo penyewe. Aliyefungiwa ni shule na watu wake. Mtoto hajafungiwa. Anaweza kukimbia mtaani, kucheza na klabu yake, kwenda kwa traina wa kulipia, hakuna kosa. Na kambi za kulipia zinajua hilo vizuri sana, ndo maana tarehe za kambi yangu zilianza 25 na kuishia 9, pua kwa mdomo na dedi piriodi. Wamekaa mlangoni pale pale shule ilipofunga. Biashara sio dhambi, mi mwenyewe nauza maandazi Jumamosi, ila kwenye tangazo wangesema ukweli kwamba hizi siku kila timu imepumzika. Hao "wenzako wanafanya mazoezi" ni kina nani wakati wenzake wote wako nyumbani na kocha kafungiwa?

Haya tuje kwenye mazoezi yenyewe. Jamani mazoezi ni mazuri, lazima niwe mkweli. Kuna traina binti, amecheza chuo, mkali kidogo lakini anafundisha. Watoto wetu wengi wanajua mpira wa kuchezea, chenga, mbio, mashuti ya nguvu, hiyo wamezaliwa nayo. Mi nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kaka zangu walikuwa wanacheza mpira wa mifuko na kamba kuanzia saa kumi mpaka giza, hakuna msimu wala kufunga msimu, mpira ulikuwa unaisha mama akiita au mpira ukipasuka. Sasa huyu binti alikuwa anawafundisha kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwamba kabla mpira haujakufikia geuza shingo uangalie nyuma ya bega lako, ujue adui yuko wapi, alafu pokea mpira ukiwa umesimama upande upande sio umeupa uwanja mgongo. Anasimama nyuma ya mtoto ananyoosha vidole, mtoto anapokea pasi na lazima aseme ni vidole vingapi. Siku ya kwanza kijana wangu kakosea yote. Siku ya tano anasema "vitatu" huku mpira uko mguuni na keshageuka. Na mguu wa kushoto ambao ulikuwa wa kukanyagia klachi tu sasa unapiga pasi. Kwa hilo peke yake nyota mbili nimempa yule binti, sio kambi, binti.

Kitu kingine kizuri, siku ya kwanza watoto kama sita walikuja wamevaa fulana zilizoandikwa jina la timu ya shule yao. Binti akawapa vizibao wavae juu, akasema hapa hakuna shule. Wakati ule nikaona anajidai, baada ya kuelezewa sheria nikaona kumbe ana akili.

Mabaya sasa.

La kwanza joto. Mazoezi yaliandikwa saa tatu asubuhi lakini yanaanza na dakika ishirini, kwa hiyo wanamaliza karibu saa sita na jua la Kentucky la Julai mnalijua, sio jua tu, ule unyevu unaokushika kama blanketi bichi. Uwanja wa kukodi, hakuna mti, hakuna turubai, maji njoo na yako. Shuleni kwa kijana kuna mtu anapima na kifaa kabla ya mazoezi. Kentucky imekuwa ikihesabu joto pamoja na unyevu, ikifika 95 kwa vipimo vyao vya Fahrenheit mapumziko ya maji ya dakika 10 kila nusu saa ni lazima, ikifika 100 wanapunguza mazoezi na kuvua vitu vizito, na ikipita 104 kila kitu cha nje kinasimama, hakuna cha kocha wala baba yake kocha. Kambini siku ya Jumatano ile ya pili simu yangu ilisoma 101, nikaenda kumwonyesha mwenye kambi, akaniambia "mama, hawa vijana wa Kiafrika bana, hawa joto wamezaliwa nalo". Nikamwangalia. Huyu wangu kazaliwa joto gani, kaja huku ana miaka minne, nyumbani akikosa eisii anagoma kula.

Na hili sio la kuchekea. Agosti 2008 Louisville hapo, saa moja na kitu kutoka kwetu, mtoto wa miaka 15 anaitwa Max Gilpin alianguka kwenye mazoezi ya ule mpira wao wa kofia ngumu, siku ya joto, wanakimbizwa, na siku tatu baadae akafariki. Kocha wake alishtakiwa mahakamani, mwaka uliofuata mahakama ikamwona hana hatia. Lakini jimbo halikukaa hivi hivi, mwaka 2009 ilitungwa sheria kwamba makocha wa shule wasome kozi ya usalama, joto likiwemo na huduma ya kwanza, na kwenye kila mazoezi awepo angalau mtu mmoja aliyesoma hiyo kozi. Yule baba Mtanzania alinisimulia hiyo habari taratibu bila kuniangalia usoni, na mi nilinyanyuka na kwenda kumuita mwanangu anywe maji, mazoezi yanaendelea, wakiniona mshamba, wanione.

Maana hizo sheria zote za joto na kozi ni za shule. Ukitoka nje ya geti la shule hazikufuati. Mimi nilikuwa nadhani nikilipa napata zaidi ya cha bure, kumbe kwenye hili cha bure kilikuwa na ulinzi kuliko cha kulipia. Shule kila mwaka inataka fomu ya daktari, mtoto apimwe moyo, presha, magoti, ndo akanyage uwanja. Kambi ilitaka saini yangu kwenye karatasi moja, nilimpa kijana aisome kwa sauti, kwa kifupi inasema chochote kikitokea usitutafute. Nilipouliza kama kuna mtu anajua huduma ya kwanza nikaonyeshwa sanduku. Nikasema nauliza mtu, sio sanduku. Haya, kumbe binti anajua, ana cheti. Kila kitu binti.

La pili ni umri. Waligawa watoto kwa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye fomu, na nyie mnajua kwetu nusu ya watoto kwenye makaratasi wamezaliwa tarehe 1 Januari, siku hiyo wakunga wa kambi za wakimbizi sijui walikuwa wanalala saa ngapi. Kwa hiyo kuna kitoto kimewekwa na wanaume wana ndevu. Shuleni umri ni jambo zito, ukitimiza miaka 19 kabla ya tarehe 1 Agosti huchezi tena, na kuna kijana jirani yangu makaratasi yalimwongezea miaka, mwaka wake wa mwisho kaumalizia jukwaani anapiga makofi. Kambi yeye hajali, lipa ingia. Mtoto mmoja aligongwa na lile jitu la upande wa pili akakaa chini nusu saa. Wangepanga kwa macho tu kingetosha.

La tatu ndo lilinikasirisha. Siku ya tatu katokea jamaa na filimbi shingoni, anazunguka, anawaambia baadhi ya watoto simama hapa, kimbia vile. Kijana wangu akaninong'oneza kwamba huyo ni msaidizi kwenye timu ya shule nyingine hapa mjini, anajitolea tu halipwi, na watoto wanne pale ni wa timu yake. Nikamwangalia baba Mtanzania, akatikisa kichwa. Mwenye kambi nilipomfuata akasema kapita tu kusalimia, ni ndugu. Ndugu mwenye filimbi? Nikamwambia kwa upole kaka yangu, tarehe ni 30 Juni, kama huyo ana watoto wa timu yake hapa na anawafundisha, wanaoumia sio wewe, ni shule yao na hao watoto, wewe hela yako ishaingia. Akanyamaza. Jamaa siku iliyofuata hakuonekana. Sijaripoti popote, wala sikutaka, ila mzazi ukiona kocha wa shule ya mwanao, hata wa kujitolea, yuko kwenye kambi ya hizo tarehe na filimbi, chukua mtoto wako mwende mkale aiskrimu.

Na hili linaungana na kitu ambacho mwenye kambi alikuwa anakirudia kwenye grupu karibu kila jioni, eti makocha wa shule "wanajua nani amekuja na nani hakuja". Kwanza siku hizo kocha wa shule hatakiwi hata kuwafundisha, orodha ya nani kaja kwenye biashara yako ya nini kwake? Nilimuuliza kocha wa kijana baadae kupitia mkalimani wa simu wa shule, huduma ambayo ipo bure na sikujua naweza kuiomba. Akasema kwake hata yale mazoezi ya Juni sio lazima, mtoto asiyekuja hapotezi nafasi, na zile wiki mbili anapenda warudi wamepumzika na magoti mazima. Nikafikiria kina mama wangapi walituma dola 140 kwa sababu ya ile sentensi. Kuna mmoja ana watoto watatu kwenye ile kambi. Pigeni hesabu wenyewe, na jezi tatu.

Dogo la mwisho, kati ya zile siku 7 moja iliangukia tarehe 4 Julai. Sikukuu ya taifa, kila mtu anachoma nyama. Kambi haikuwepo, haikufidiwa, na nilipouliza nikaambiwa iko kwenye ratiba. Iko kwenye ratiba ndio, lakini uwanjani haipo! Dola 20 hizo.

Kwa hiyo ungeniuliza uende au usiende? Kama mwanao anapenda na hela ipo, nenda, ila muulize mwenye kambi akuuzie siku moja moja, wanauza dola 25 japo hawatangazi. Mi mwakani nitachukua siku tatu za yule binti basi, na ziwe za asubuhi mapema. Kama hela ni ya mawazo kaa nyumbani, mtoto akimbie mtaani na apige mpira ukutani, tarehe 10 kocha atakuwa pale pale na mpira ule ule. Hamkosi kitu. Chooni kwa wale watakaoenda ni mbali, upande wa pili wa maegesho, na gari usiweke kwenye majani wanapiga faini.

Tarehe 10 kijana karudi shuleni, fulana karudishiwa, mpira karudishiwa. Namuuliza kocha kasemaje kuhusu mguu wa kushoto. "Kasema poa." Maneno mawili, ndo hivo.

Jezi ya kambi ipo, rangi ya chungwa, saizi M, imevaliwa mara sita na imefuliwa, kijana hataki kuiona tena. Dola 10, niko Versailles Road, njoo jioni asubuhi nalala.